Ile "L" kwenye karatasi ya damu: historia ya chembe sahani

SEHEMU YA 1

Uzi niliowaahidi huu hapa. Ni mrefu, kwa hiyo mimina chai, kaa vizuri.

Ukipimwa FBP, yaani ile picha nzima ya damu, mashine inatoa karatasi yenye mistari mingi. Kuelekea chini kuna mstari wa herufi PLT. Hizo ni chembe sahani, wengine tunasema plateleti, zile zinazokimbilia kuziba tundu pale mshipa unapokatika. Mashine nyingi zimepangwa hivi: mtu mzima awe nazo kati ya 150 na 450, maana yake elfu 150 hadi elfu 450 katika kila maikrolita ya damu. Ukiwa na 138, mashine inagonga "L" pembeni. Pungufu.

Hiyo "L" inasumbua watu. Mama mjamzito kutoka Pahi au Busi anaiona, mumewe anaiona, kijana wa nyumbani anatafuta kwenye simu anakutana na neno saratani. Kesho yake mbuzi wawili wameuzwa, nauli ya Dodoma imepatikana. Huko anarudiwa kipimo kilekile, inatoka 141, anaambiwa mama huna tatizo, rudi nyumbani. Mbuzi hawarudi.

Halafu kuna upande wa pili, na huu unaniuma zaidi. Mtu ana "L" ya kweli, fizi zinavuja, hedhi haikatiki wiki mbili, na mhudumu anamwambia "aah, Waafrika ndivyo tulivyo". Naye anarudi nyumbani.

Makosa yote mawili yana chanzo kimoja. Hatujui ile 150 imetoka wapi, ilikuwa damu ya nani, na ni kiasi gani cha idadi ya chembe sahani zako umerithi kwa baba na mama. Basi twende huko.

SEHEMU YA 2

Chembe sahani ni ndogo mno, upana wake ni kama maikromita 2 au 3, wakati seli nyekundu inafika 7 au 8. Ndiyo maana kwa miaka mingi watu wenye hadubini walidhani ni uchafu au vipande vya seli zilizokufa. Aliyezipa heshima yake ni Giulio Bizzozero, daktari wa Turin, Italia. Mwaka 1881 na 1882 aliziangalia ndani ya mishipa ya wanyama wadogo waliokuwa bado hai, damu inatembea. Akaona mshipa ukijeruhiwa zinaanza kunata pale pale, zinarundikana, zinaziba. Akaziita kwa Kiitaliano jina lenye maana ya visahani. Hilo la kwetu la "chembe sahani" linatokana na wazo hilohilo.

Mwaka 1906 James Homer Wright wa Boston akaonesha zinakotoka: kwenye uboho wa mifupa kuna seli kubwa sana, jitu la seli, na chembe sahani ni vipande vinavyokatika kutoka kwake. Jitu moja linatoa maelfu. Kila kipande kinaishi siku 7 hadi 10 hivi, halafu bandama na ini vinakisafisha.

Shikeni hilo la kukatika vipande, maana ndipo jeni zinapoingia. Ukimega andazi vipande vingi, vinakuwa vidogo. Ukimega vichache, vinakuwa vikubwa. Andazi ni lilelile.

SEHEMU YA 3

Mwaka 1916 mwanafunzi wa udaktari huko Prague, Paul Kaznelson, alimshawishi profesa wake atoe bandama ya mwanamke aliyekuwa akivuja damu kwa muda mrefu kwa sababu ya chembe sahani chache. Hoja yake: labda mwili unazitengeneza vizuri, ila bandama inazila. Bandama ikatolewa, chembe zikapanda.

Mwaka huohuo hapa kwetu Kondoa Irangi kulikuwa na vita. Wanajeshi wa Afrika Kusini chini ya van Deventer waliingia Kondoa mwezi Aprili 1916, masika ikawafungia, farasi wakafa kwa wingi, na askari wakalala kwa malaria na kuhara kuliko kwa risasi za Wajerumani. Wazee wetu wanaisimulia kwa mizinga na mahandaki. Mimi kama nesi naiona zaidi kama stori ya mbu. Na malaria, kumbukeni, ni mojawapo ya vitu vinavyoshusha chembe sahani haraka kabisa, na malaria ya kurudia rudia huikuza bandama, bandama kubwa inazishikilia zisizunguke. Tutarudi kwa mbu, maana yeye ndiye mhusika mkuu wa stori hii.

Mwaka 1918 Eduard Glanzmann, daktari wa watoto Uswisi, alieleza watoto waliovuja damu ilhali chembe zao zilikuwa nyingi za kutosha na ukubwa wa kawaida. Zilikuwa hazifanyi kazi tu. Mwaka 1948 Jean Bernard na Jean-Pierre Soulier wa Ufaransa wakaeleza kinyume chake: mgonjwa mwenye chembe chache, lakini kubwa ajabu, nyingine zinakaribia seli nyekundu. Magonjwa yote mawili yanarithiwa, na mtoto anaugua akipata nakala mbovu kutoka kwa baba na kwa mama wote wawili.

Katika miaka ya 1970 Alan Nurden na Jacques Caen, Ufaransa tena, walionesha kilichokosekana. Kwenye ngozi ya chembe sahani kuna protini zinazofanya kazi kama ndoano. Ndoano moja inashika ukuta wa mshipa uliojeruhiwa, hiyo ndiyo inayokosekana kwa wagonjwa wa Bernard na Soulier. Ndoano nyingine inashikanisha chembe na chembe, hiyo ndiyo inayokosekana kwa wagonjwa wa Glanzmann.

Kwa hiyo kuna mambo matatu: idadi, ukubwa, kazi. Karatasi ya mashine inakupa la kwanza, inakupa la pili kwa herufi MPV ambazo wengi hatuzisomi, na la tatu haikupi kabisa. Mtoto wa Glanzmann atakuja na karatasi safi isiyo na "L" hata moja na bado atavuja damu akitahiriwa. Hilo naomba lisisahaulike kwa wanaohudumia jando.

SEHEMU YA 4

Zamani chembe sahani zilihesabiwa kwa jicho, mtu na hadubini yake, kazi ya kuumiza shingo. Kisha Mmarekani Wallace Coulter akapata hataza mwaka 1953 ya mashine inayopitisha damu kwenye kitundu chembamba chenye umeme. Kila seli ikipita inasumbua umeme kidogo, seli kubwa inasumbua zaidi. Mashine zetu nyingi bado zinafuata wazo hilo.

Hapa kuna mtego. Mashine haijui "hii ni chembe sahani". Inajua ukubwa tu. Chembe sahani ikiwa kubwa kupita kiwango, inahesabiwa upande wa seli nyekundu. Kwa hiyo mtu mwenye chembe kubwa za kurithi anapunjwa na mashine: anazo 120, inaandika 85. Halafu kuna kile kichupa cha kifuniko cha zambarau, dawa iliyomo ya kuzuia damu isigande inafanya chembe za baadhi ya watu zishikane mafungu mafungu. Fungu zima linapita kitunduni, mashine inahesabu moja au haihesabu. Tiba yake ni ya bei rahisi kuliko nauli ya Dodoma: tone la damu kwenye slaidi, rangi, hadubini, na mtu wa maabara mwenye subira.

Sasa ile stori ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1975 mtafiti aitwaye von Behrens, huko Australia, alipima wahamiaji wenye afya nzuri waliotoka nchi za bahari ya Mediterania, Italia na Balkani, akawalinganisha na watu wenye asili ya Ulaya kaskazini. Wale wa Mediterania walikuwa na chembe chache zaidi, wengi chini ya mstari wa 150. Hawaumwi. Hawavuji. Ila chembe zao zilikuwa kubwa zaidi, hivi kwamba ukizidisha idadi kwa ukubwa, mzigo mzima wa chembe ulikuwa karibu sawa na wa wenzao. Andazi lilelile, limemegwa vipande vichache.

Baadaye, mwaka 2001, watafiti wa Italia wakakuta kwamba baadhi ya familia za aina hiyo zina nakala moja yenye hitilafu ya jeni ileile ya Bernard na Soulier. Nakala mbili mbovu, ugonjwa mkubwa. Nakala moja, "L" kwenye karatasi na maisha ya kawaida.

Fikiria wangapi kati yao, kabla ya hapo, waliambiwa wana ugonjwa wa kinga kula chembe zao, wakapewa steroidi miezi na miezi, wengine wakatolewa bandama bure. Hawa ni Wazungu kabisa, wenye hospitali kubwa. Kwa hiyo tusidhani mstari wa 150 uliwatendea haki watu wote wa Ulaya na sisi tu ndio tukaachwa.

SEHEMU YA 5: MBU

Wazo kwamba malaria inaweza kuchonga damu ya binadamu lilipata ushahidi wake mzito hapa Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika akipima damu, na mwaka 1954 akachapisha kwamba mwenye nakala moja ya selimundu anapata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana selimundu ilijaa kanda ya ziwa na pwani na kuwa adimu kwenye baridi ya milimani. Hiyo ni seli nyekundu, mmeisikia mara nyingi. Chembe sahani nazo zimo kwenye vita hiyohiyo, ila hazisemwi.

Kuna ndoano nyingine juu ya chembe sahani inaitwa CD36. Kimelea cha malaria kinaitumia: seli nyekundu iliyoambukizwa inanata kwenye CD36, na chembe sahani zinageuka kuwa gundi ya kushikamanisha seli zilizoambukizwa kuwa mabonge. Mwaka 2001 watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walionesha kwamba vimelea vyenye tabia hiyo ya kufanya mabonge kwa msaada wa chembe sahani vilihusiana na malaria kali kwa watoto.

Sasa Waafrika wengi wamebeba toleo la jeni ya CD36 lililokatika katikati, halitengenezi ndoano kamili. Utafiti mmoja wa mwaka 2000 uliohusisha watoto wa Kenya na Gambia ulisema toleo hilo linaongeza hatari ya malaria kali. Mwingine kutoka Kenya, 2001, ukasema linakinga. Mwaka 2009 utafiti mkubwa zaidi ukasema: dalili za kwamba toleo hili lilipendelewa na maumbile zipo wazi, lakini uhusiano na malaria kali hauonekani. Yaani kitu fulani kilisukuma jeni hii isambae Afrika, na bado hatujakubaliana ni nini. Napenda sayansi inapokuwa hivi, inabishana hadharani. Kilichothibitika ni kwamba mwaka 2012, walipopima maelfu ya Wamarekani weusi, toleo hilohilo lilijitokeza kuwa linahusiana na idadi ya chembe sahani. Tulirithi jeni iliyopita kwenye tanuri ya Afrika, na inaonekana kwenye mstari wa PLT.

Si hivyo tu. Mwaka 2009 na 2012 watafiti wa Australia walionesha kwamba chembe sahani zinaua kimelea ndani ya seli nyekundu. Zinamwaga protini inayoitwa PF4, inapitia mlango ulioko juu ya seli nyekundu uitwao Duffy. Na mlango huo ndio ambao Waafrika wengi wa kusini ya Sahara hatuna! Babu zetu waliupoteza, na faida yake ni kwamba aina moja ya malaria, vivaksi, inaingia kwa shida sana. Lakini inaonekana tuliufunga mlango ambao askari wetu wenyewe wangepitia dhidi ya falsiparamu. Kila biashara ina gharama.

SEHEMU YA 6

Turudi kwenye 150. Mwaka 2009 kundi la watafiti lilichapisha vipimo vya watu wazima zaidi ya 2,000 wenye afya kutoka nchi kadhaa za Afrika mashariki na kusini, zikiwemo Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia. Hawakutafuta ugonjwa. Walitaka kujua mtu mzima, asiyeumwa, ana damu ya namna gani hapa kwetu, maana walikuwa wanajiandaa kwa majaribio ya chanjo na watu wazima kabisa walikuwa wanakataliwa kwa "L" za Marekani. Kwa chembe sahani walipata 126 hadi 438. Mwaka mmoja kabla, Mbeya hapa nchini, watu wazima 301 wenye afya walipimwa kwa lengo hilohilo la kupata viwango vya kwetu.

Soma tena: 126. Yule mama wa Pahi mwenye 138 yuko ndani.

Je, ni jeni, au ni mbu, minyoo, chakula? Barbara Bain wa London alipima miaka ya 1980 na 1990 Waafrika na watu wa Karibiani waishio mjini huko, ambako mbu wa malaria hayupo, akakuta bado chembe zao ni chache kuliko za Wazungu. Mtu atasema basi, ni jeni, kesi imekwisha. Haijaisha. Mwaka 2006 takwimu za Marekani zilionesha kwamba Wamarekani weusi wana chembe nyingi kidogo kuliko Wamarekani weupe. Asili ya Afrika hiyohiyo, jibu kinyume. Kwa hiyo mtu akikuambia "weusi wana plateleti chache" mwulize weusi gani, wa wapi, wanakula nini, wanaumwa nini. Ngozi haihesabu chembe.

Tafiti za mapacha zinasema zaidi ya nusu ya tofauti ya idadi kati ya mtu na mtu inatoka kwenye urithi. Inayobaki ni maisha.

SEHEMU YA 7: DAMU YA KONDOA

Wengi hamjui kwamba damu ya wilaya zetu imesafiri mbali. Hapa, na Chemba iliyokuwa sehemu yetu mpaka majuzi, zimekutana jamii ambazo lugha zao hazina undugu: Warangi kwa Kibantu chao, Waburunge na Waalagwa kwa Kikushi, Wabarbaig kwa Kinailo, Wasandawe kwa lugha yao ya kudonoa ulimi. Sehemu za namna hiyo ni chache sana Afrika. Ndiyo maana Sarah Tishkoff wa Marekani, pamoja na Watanzania kama Thomas Nyambo wa Muhimbili, walikuja kutafuta sampuli katikati ya nchi. Mwaka 2007 walichapisha matokeo ya watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan kuhusu jeni ya kumeng'enya maziwa ukubwani, wakaonesha kwamba wafugaji wa huku waliipata kwa njia yao, tofauti kabisa na Wazungu. Mwaka 2012 wakasoma DNA yote ya watu 15, watano wakiwa Wasandawe na watano Wahadzabe. Kwa watu 15 tu wakakuta tofauti milioni 13.4.

Linganisha na hili. Mwaka 2011 ilitoka orodha kubwa ya kwanza ya sehemu za DNA zinazoamua idadi na ukubwa wa chembe sahani. Sehemu 68. Walipima watu karibu 67,000, wengi mno wakiwa wa asili ya Ulaya. Kazi nzuri, hata walizima baadhi ya jeni hizo kwa samaki wadogo na nzi wa matunda kuona kama kweli zinahusika, na zikahusika. Kila sehemu inasogeza hesabu kidogo sana, lakini zikijumlishwa mtu mmoja anajikuta na 140 na ndugu wa mbali ana 320, wote wazima. Mwaka uliofuata Wamarekani weusi kama 16,000 wakapimwa. Afrika yenyewe ilichelewa, mpaka 2019 Uganda ilipotoa DNA ya watu 6,400 kutoka vijiji vya Kyamulibwa, na vipimo 34 vya mwili na damu.

Na hata kazi ya chembe inatofautiana. Mwaka 2013 watafiti wa Philadelphia walieleza kwamba chembe za Wamarekani weusi zinaitikia kwa nguvu zaidi kichocheo kimoja cha kuganda kupitia kipokezi kiitwacho PAR4. Toleo kali la kipokezi hicho ni la wengi kwa watu wenye asili ya Afrika, kwa Wazungu ni kama nakala moja kati ya tano. Sasa unganisha: mtu anaweza kuwa na chembe chache lakini zenye hasira. Dawa za kuzuia damu kuganda zinajaribiwa wapi, kwa damu ya nani? Wagonjwa wa kiharusi tunao hapa pia.

SEHEMU YA 8: MASWALI YENU

"Nesi, nina 135, nifanye nini?" Kwanza uliza karatasi ya zamani. Kama miaka mitatu iliyopita ulikuwa 140, hiyo ni wewe. Kama ulikuwa 260, hiyo ni habari nyingine, tutafute malaria, VVU, homa ya ini, dawa unazotumia, bandama. Angalia MPV, kama ni kubwa omba slaidi. Uliza nyumbani: mama, shangazi, kaka, nani huvuja damu sana aking'olewa jino? Historia ya ukoo ni kipimo cha jeni cha bure.

"Mjamzito je?" Ujauzito wenyewe hushusha chembe kidogo miezi ya mwisho, kawaida tu. Lakini ikishuka chini ya 100, au ikishuka haraka, au presha iko juu, kuna protini kwenye mkojo, kichwa kinauma, macho yana ukungu, tumbo linauma chini ya mbavu za kulia, hapo hakuna mjadala wa urithi wala Waafrika. Ni dharura, gari sasa hivi.

"Chini ya ngapi mtu anavuja mwenyewe?" Kwa kawaida hatari kubwa huanza chini ya 20, na zaidi chini ya 10. Ila usisubiri namba ukiona vidoti vyekundu miguuni au choo cheusi.

"Majani ya mpapai?" Nilijua litakuja. Lilivuma wakati wa dengi. Tafiti zilizopo ni ndogo, nyingi za Asia, na ni kwa wagonjwa wa dengi, ambao chembe zao hupanda zenyewe homa ikipita. Kama 135 yako umerithi kwa bibi yako wa Haubi, mpapai hauna la kufanya hapo. Kula papai lenyewe, tamu.